Fundo la Sita

Kosa lilianza dogo, la ukubwa wa chembe ya chumvi. Bi Redio alikaa mezani, akaonja mchuzi, akaweka kijiko chini, akamtazama mkwewe kwa lile jicho linalotangulia hotuba, kisha akasema, "Mama Pacha, chumvi hii umeitia kwa mkono, na mkono wako..."

Akaishia hapo.

Asiyemjua Bi Redio ataona ni jambo la kawaida, mtu kaachia sentensi njiani. Lakini mtaa haukumpa jina lile bure. Mama huyu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alianza kusema watu saa moja asubuhi, akapumzika kunywa chai, kisha akaendelea palepale alipoachia, na ole wake aliyejifanya amesahau walifikia wapi. Kwa miaka kumi na saba ya kuishi naye nyumba moja, Mama Pacha alikuwa amesemwa kuhusu chumvi, ufagio, namna anavyofunga mlango, namna anavyoufungua, na mara moja kuhusu namna anavyonyamaza. Hakuwahi hata siku moja kusemwa nusu.

Bi Redio alibaki mdomo wazi akisubiri neno lije, kama mtu anayesubiri maji bombani siku ya mgao. Halikuja. Akafunga mdomo, akala.

"Mama haumwi kweli?" Mama Pacha akamnong'oneza mumewe.

"Hajawahi kuwa mzima hivi," Fundi akajibu. "Shukuru, usichokoze."

Na Mama Pacha, Mungu amsamehe, alishukuru.

Sasa nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na bwawa. Si la kuogelea kama la matajiri. Lilikuwa shimo la duara lililojengewa mawe, upana wake hatua sita, na katikati kina chake kilimmeza mtu mzima aliyeinua mikono. Baba yake Fundi alilichimba akiwa bado kijana, akatia perege, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa na kazi moja isiyojua likizo: kila alfajiri anachota ndoo ya maji, anainyanyua hadi juu ya bega, anayamwaga mlemle yalimotoka. Ndoo arobaini. Wageni walidhani mzee kachanganyikiwa. Yeye alisema samaki hupumua kama sisi, ila hewa yao lazima ichanganywe na maji, na maji yakianguka kutoka juu ndiyo huchanganyika nayo. Alfajiri ndiyo saa mbaya, alisema, maana usiku kucha kila kilicho hai bwawani kimekuwa kikila hewa na jua halijarudi kuilipa.

Kisha mzee akateleza kwenye ngazi ya uani, akavunjika mkono wa kulia. Siku ya tisa akakata roho. Daktari alisema mapafu. Uzee ukabebeshwa lawama, kama kawaida yake. Uzee haujawahi kukata rufaa.

Ndani ya miezi minne bwawa likageuka kijani, na kila kulipokucha perege walikuja juu, midomo nje, wakipapia hewa kama kwaya inayoimba bila sauti. Bi Redio alisimama ukingoni akalia kuliko alivyolia msibani.

"Hawa ndio aliowaacha," alimwambia mwanawe. "Wakifa hawa, baba yako amekufa mara mbili. Na mara ya pili umemuua wewe."

Fundi alikuwa fundi wa mafriji. Mwanamume mwenye kompresa saba kuukuu stoo hawezi kuambiwa maneno hayo akalala. Alichagua moja iliyotoka kwenye friji la muuza soda, akaeleza wote waliotaka na wasiotaka kusikia: kompresa ina midomo miwili, mmoja unavuta, mwingine unapuliza. Kwenye mdomo unaopuliza akafunga mpira mwembamba, ule mweupe unaoonekana ndani. Mdomo unaovuta akauacha wazi uvute hewa ya bure.

Ikabaki kuiweka wapi. Nje kuna mvua, na umeme na mvua si ndugu. Soketi iliyokuwa karibu zaidi na bwawa ilikuwa nyuma ya kitanda cha Bi Redio, na dirisha lake ndilo lililotazama uani. Basi kompresa ikalala chini ya kitanda, jirani na ndala, ikinguruma taratibu mchana na usiku, na mpira ukatokea dirishani kwenda majini.

"Haikusumbui, Mama?" Mama Pacha aliuliza.

"Inanibembeleza. Inakoroma kama marehemu, ila hii hainivuti shuka."

Nyuma ya mlango wa jikoni ilining'inia kamba ya mzee, yenye jiwe mwishoni na mafundo kumi ya kupimia kina. Matano ya kwanza, kuanzia kwenye jiwe, yalifungwa kitambaa cheupe, matano ya mwisho chekundu. Fundi akaufunga ule mpira pembeni ya jiwe, akaanza kuushusha.

"Baba yako hakuwahi kuzamisha kitambaa chekundu," Bi Redio akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, 'Nilishafika huko mara moja nikiwa kijana, inatosha.' Nikidhani ataendelea, akaenda kulala."

"Mama, hewa ikianzia chini kabisa itapita kwa kila samaki ikipanda. Ikianzia juu itawafaa wa juu peke yao." Fundo la sita likazama, la saba, la nane. "Na Baba hakuwa na kompresa."

Lilipozama la kumi, bwawa lilicheua. Povu jeusi lilitoka katikati likiwa na harufu ya mayai yaliyooza, ile harufu ya kukaa kooni, na perege watatu wakaja juu matumbo yakitazama mbingu. Fundi akasema ni tope la zamani linashtuka, litazoea. Kweli, siku ya tatu maji yalitulia. Wiki ikapita, samaki wakanenepa, wakaacha kuja juu alfajiri, na Fundi akawa anatembea na kifua mbele kama jogoo aliyefundisha jua kuchomoza.

Siku ya chumvi ilikuwa ya kumi na mbili tangu kompresa iwashwe.

Baada ya hapo sentensi za Bi Redio zilianza kufupika. Jumatatu aliweza maneno kumi, akatua kama aliyepanda ngazi. Alhamisi matano. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama redio ya nyumba hii imeuzwa, na Bi Redio, ambaye kwa swali kama hilo angemsema hadi kizazi chake cha tatu, alimtazama tu na kusema, "Ngoja nipumzike." Alikuwa amekaa tangu asubuhi.

"Mafua," Fundi akasema.

"Mafua hayana kikohozi wala kamasi?"

"Basi amani. Mama amepata amani uzeeni, wewe unamtafutia ugonjwa."

Chumba cha Bi Redio nacho kilikuwa na mambo yake. Chandarua, ambacho siku zote kiliteremka wima, sasa kilikuwa kimelalia upande mmoja, upande wa kompresa, pindo lake limeingia chini ya kitanda. Mama Pacha alilitoa. Kesho yake akalikuta limerudi. Na ile harufu ya mayai, iliyokuwa imekwisha uani, siku hiyo aliisikia kwenye mto wa mama mkwe wake.

Mama Pacha alikuwa mshonaji, na mshonaji ana njia yake ya kumjua mtu. Ijumaa alimwita Bi Redio ampime gauni, kisa na maana amchangamshe. Akazungusha tepu kifuani.

"Vuta pumzi, Mama."

Kila mteja akivuta pumzi, tepu hupanda inchi mbili, kwa wanene hata tatu. Mshonaji asiyeliacha pengo hilo hushona gauni linalopasuka harusini. Mama Pacha alisubiri vidole vyake visukumwe. Havikusukumwa.

"Vuta, Mama."

"Nimevuta."

Tepu ilisogea nusu inchi, ikarudi. Bi Redio alikuwa amesimama macho wazi, mtu mzima anayeongea na kula, na kifua chake kilikuwa kimetulia kama meza. Mama Pacha alizungusha tepu mara ya pili, halafu ya tatu, kisha akaandika namba ambayo mkono wake haukutaka kuiandika. Ile shukrani aliyoitoa mezani siku ya chumvi ilimrudia.

Usiku huo hakulala vizuri, na giza lilipoanza kupauka aliamka kwenda kuwatazama samaki, kwa kuwa bwawa hujulikana saa hiyo. Alifungua mlango wa jikoni polepole. Kompresa ilisikika dirishani ikinguruma mfululizo, haikati. Lakini viputo katikati ya bwawa havikuja mfululizo. Vilikuja kwa wingi, vikakoma. Vikaja, vikakoma. Perege wote walikuwa wamejipanga kandokando ya ukuta, mikia imegusa mawe, wakitazama katikati kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

Alichutama. Ndipo akausikia mkoromo. Aliujua mkoromo huo, miaka kumi na saba alikuwa ameusikia kupitia ukutani: unapanda, unakwama, unapiga mluzi mwishoni. Ulikuwa ukitoka majini. Aligeuka kulitazama dirisha la mama mkwe wake, na kule ndani kulikuwa kimya kabisa, kimya cha chumba ambacho hakina mtu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amemfunika shuka jioni.

Halafu mkoromo ukakatika, na viputo vikaanza kupanda kimoja kimoja, vikubwa, vyeusi, kila kimoja kikipasuka juu ya maji na harufu ile ya mayai, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na neno, moja tu, kwa sauti ya Bi Redio lakini pana zaidi, kama inayosemwa na mdomo usiojua bado meno ni ya nini, "... mzito... kama... wa... mchimba... kaburi..." na Mama Pacha, akiwa amechutama pale, alielewa kwamba alikuwa akisikia mwisho wa sentensi ya chumvi, ile iliyoanzia mezani wiki iliyopita na kukosa pa kuishia.

Alirudi ndani kwa kutambaa, akamshika mumewe mguu.

"Amka. Usiulize. Njoo usikilize."

Fundi alisikiliza. Mwanamume aliyekuwa na jibu la kila kitu alisimama uani na bukta yake, na viputo vilipomwita kwa jina la utotoni, jina ambalo mama yake pekee alilijua na hata mkewe hakuwahi kuambiwa, alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Naizima," alisema kupitia vidoleni. "Naenda kuizima sasa hivi."

"Subiri. Hatujui kinachotokea ukizima. Muite kwanza Bwana Samaki."

Bwana Samaki alikuwa mtaalamu wa mabwawa, mwembamba, mzee wa kukaribia kustaafu, mwenye gambuti zilizotoboka na daftari lisilotoka kwapani. Alifika mchana, mawingu yameshuka hadi juu ya paa, upepo hakuna, joto limesimama. Walimkuta Bi Redio ameketi kitandani, amewekewa mito mgongoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwangalia mgeni, akajaribu kumkaribisha, na neno "karibu" lilimshinda katikati.

Bwana Samaki hakumtazama mgonjwa kwanza. Alitazama mpira.

"Umefika fundo la ngapi?"

"La kumi," Fundi akasema.

"Bwawa la zaidi ya miaka thelathini, tope halijawahi kutolewa, na wewe umepeleka hewa chini kabisa, siku ya kwanza, bila kuzima." Alizungumza kwa upole wa mtu anayesoma hukumu. "Kwa kawaida mtu huanza juu, fundo la kwanza, nusu saa. Kesho yake saa moja. Unalizoesha bwawa taratibu, na chini huendi. Chini hakuna hewa, na kilichopo chini kimezoea kuishi bila hewa. Ukikionjesha, kitaipenda."

"Kitu gani hicho?" Mama Pacha akauliza.

"Kwenye fomu tunaandika 'tope'. Hakuna nafasi ya kuandika jina lingine, nami sikulitafuta." Akapiga goti, akachungulia chini ya kitanda, akakaa hivyo muda mrefu. "Fundi. Hii mashine inapuliza bwawani. Je, inavuta hewa kutoka wapi?"

Wote watatu waliutazama ule mdomo wazi wa shaba, na pindo la chandarua lililokuwa limeingia ndani yake, na juu yake, kwa kipimo cha shibiri mbili, mto wa Bi Redio.

"Nilidhani ya chumbani ni ya bure," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Basi sikilizeni. Hatuzimi. Kwanza tunaupandisha mpira, fundo kwa fundo, hadi kwenye vitambaa vyeupe. Tukizima ukiwa chini, mashine itaacha kusukuma, na yeye aliye topeni atajivutia mwenyewe kinachobaki humu. Mradi umeme uwepo, hatuna..."

Kompresa ikanyamaza.

Taa ya sebuleni ilizimika, feni ikapunguza mwendo, na huko mtaani watu wakaguna pamoja kama wanavyoguna umeme ukikatika. Ndani ya chumba palikuwa kimya kwa muda wa kuhesabu tatu. Kisha ule mpira, uliokuwa umelala dirishani bila kazi, ulitikisika wenyewe, ukanyooka, na mdomo wa kompresa ambayo haikuwa na umeme ukaanza kuvuta.

Pazia lilikuja kwanza, likaruka kutoka dirishani na kuelekea chini ya kitanda. Halafu chandarua, ndala, vipande vya karatasi za mitindo ambavyo Mama Pacha alikuwa ameviacha mezani chumba cha pili, vyote vikiserereka sakafuni kama vilivyoitwa kwa jina, na hewa ya chumba ikawa nyembamba, masikio yakaziba, na Bi Redio akakaa wima kitandani, mdomo wazi, macho yamemtoka, na kutoka mdomoni mwake ikaanza kutoka sauti yake yote kwa mkupuo mmoja, nyembamba kama uzi unaochomolewa kwenye shati, maneno ya miaka mingi yameunganika bila nafasi, majina ya watoto, bei za nguo, nyimbo za kulaza, matusi mazuri aliyowawekea majirani, vikishuka, vikiingia chini ya kitanda.

"Nendeni bwawani," Mama Pacha akawaambia wanaume. "Ivuteni hiyo kamba. Huku niachieni."

Walitoka. Yeye aliushika mpira kwa mikono miwili, akafanya kile ambacho kila aliyewahi kumwagilia bustani anakijua: akaukunja. Akaukunja mara ya pili, akaubana kwa goti, akachomoa tepu shingoni mwake, akaufunga hapo kwenye kunjo, akakaza hadi vidole vikageuka vyeupe. Mvuto ukakatika. Pazia likaanguka. Bi Redio naye akaanguka mitoni, kifua hakiendi kokote, lakini uzi wa sauti ulikuwa umeacha kuchomoka.

Mama Pacha alitaka kushusha pumzi. Hapo ndipo alipoona kwamba mpira, upande wa nje wa dirisha, ulikuwa ukibadilika rangi, ukianzia kule bwawani, ukisogea polepole kuvuka uani, juu ya ukuta, juu ya fremu ya dirisha, weusi unaopanda mlima bila kusukumwa na chochote, kwa sababu yule aliyenyimwa kuletewa alikuwa ameamua kuja kuchukua mwenyewe. Na ule weusi ulifika kwenye kunjo, ukagusa tepu, ukasimama, na kwenye ngozi laini ya mpira, chini kabisa ya vidole vyake vitano, vikatokeza vinundu vitano, vidogo, baridi, vikipapasa kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta mahali kitasa kilipo.

"Fundi," aliita kwa sauti ya chini, kwa sababu ya juu haikuwepo. "Vuta, baba. Vuta."

"Polepole," Bwana Samaki alikuwa akisema huko nje. "Huvuti ng'ombe. Fundo moja, unasubiri. Mimi namwaga ndoo. Hewa yake apewe ya juu, ya maji yanayoanguka, hiyo ndiyo haki yake ya siku zote. Akiipata ataachia ya watu."

Fundi alivuta. Fundo la tisa. Maji yakamwagwa kutoka juu ya bega, mara tano, mara sita. La nane. Kamba ilikuwa nzito kama iliyofungwa nyumba upande wa pili. La saba, na chumbani Bi Redio akavuta pumzi moja yenye mlio wa bawaba. Ndoo. Ndoo. Mama Pacha alihisi vinundu vimepungua, vinne, vitatu, lakini kimoja kilikuwa kimepata pengo kwenye kunjo na kilikuwa kinaingia, laini, kikisukuma tepu upande, naye akainama akakiuma pamoja na mpira kwa meno yake ya mbele, machozi yakimtoka, na kuendelea kuuma.

"La sita," Fundi akasema nje, akilia. Kitambaa chekundu cha mwisho kilitoka majini. "La tano, jeupe."

Mpira ukalegea. Weusi ulirudi nyuma kwa kasi ya maji machafu yanayoshuka sinki, ukavuka fremu, ukuta, uani, ukaisha. Kifua cha Bi Redio kikanyanyuka. Kikashuka. Kikanyanyuka.

Mama Pacha aliachia meno. Kutoka mitoni sauti ilimjia, ya kukwaruza, lakini ya kawaida.

"... mzito kama wa mchimba kaburi," Bi Redio alisema, akimalizia. Kisha akamtazama, na tepu, na mpira ulioumwa. "Na mbona unatafuna mpira? Chakula kimeisha humu ndani?"

Mama Pacha alicheka hadi akakaa sakafuni. Nje, Fundi alisikia akadhani ni kilio, akaingia mbio na ndoo.

Baada ya hapo mambo yalifanywa kama inavyotakiwa. Fundi alinunua pampu ndogo ya samaki, akaijengea kibanda chenye paa hukohuko uani, juu ya usawa wa maji, ikivuta hewa ya Mungu iliyo wazi. Jiwe la hewa, lile lenye vitundu vya kutolea viputo, lilining'inia fundo la kwanza, nusu saa, kesho yake saa moja. Kamba ilirudi nyuma ya mlango na hakuna aliyebishana nayo. Bi Redio alianza kusema watu tena, akawafidia hata siku alizozikosa. Jirani wa ukutani alipata fungu lake na la ukoo wake hadi kizazi cha nne.

Wiki ya tatu Mama Pacha akakumbuka gauni. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, dirisha wazi. Fundi alikuwa sebuleni, pampu ipo mezani mbele yake vipande vipande, anaisafisha. Bwawani hakukuwa na mpira wala jiwe la hewa.

"Vuta pumzi, Mama."

Tepu ilipanda inchi mbili na robo, tamu, imejaa. Mama Pacha akatabasamu.

"Shusha."

Tepu ikashuka, na nje, katikati ya bwawa, viputo vikapanda.

Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Vuta tena," alisema taratibu. Bwawa likatulia kama kioo. "Shusha." Viputo. "Ibane kidogo, Mama, nisome vizuri." Bi Redio akaibana, na maji yakasubiri pamoja naye, hadi alipoachia.

"Unapima gauni au jeneza?" Bi Redio akauliza. "Mbona umenuna?"

"Mama. Baba alipovunjika mkono, ni nani alikuwa anamwaga zile ndoo?"

"Nani amwage? Tulikuwa na mgonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizidai. Siku tisa nzima, ndoo, ndoo, hadi pumzi ya mwisho. Tukajua ni homa." Akarekebisha kola yake. "Nilishakuambia alikuwa amezama humo ujanani, akatolewa amekata pumzi? Walimfufua hapo ukingoni. Yeye na bwawa lile, ungedhani ni mke mwenzangu."

Mama Pacha alikunja tepu, kunjo juu ya kunjo, akaiweka mezani. Hakumwambia mumewe siku hiyo, wala kesho yake.

Ila kesho yake alfajiri, kabla rangi haijaingia angani, alikuwa uani, miguu imelowa, akichota na kuinua ndoo hadi juu ya bega. Alihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika arobaini mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mlevi, na perege walikuwa wakizunguka kwa raha. Dirisha likafunguka.

"Inyanyue juu," Bi Redio akasema kwa usingizi. "Unawapa samaki hewa, au unaosha miguu?"

Na kwa kila neno, katikati ya maji, kiputo kimoja.

Mama Pacha akachota ya arobaini na moja.